Msianzie kwenye kishindo

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza video za ajali za zamani, nawaandikia nikiwa hapa Goma, na shauri langu kubwa ni moja: msianzie kwenye kishindo. Mtazamaji akishaona moto na kusikia vilio, hana tena sikio la kusikiliza chanzo.

Tuchukue ajali ya Birere, mtaa wa hapa Goma ulio jirani na uwanja wa ndege, ya tarehe 15 Aprili 2008. Ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapitiliza mwisho wa njia ya kurukia na kuingia kwenye nyumba na maduka. Video yangu ya kwanza niliifungua kwa moshi. Wazee wa mtaa walipoiona wakaniuliza, "Na volkano ya Nyiragongo umeiacha wapi?" Walisema kweli. Januari 2002 lava iliteremka hadi uwanjani, ikafunika upande wa kaskazini wa njia ya ndege. Miaka sita baadaye ndege kubwa bado zilikimbilia kipande kilichobaki, huku kusini watu wakiuza na kulala jirani na uwanja. Novemba 2009 ndege nyingine, MD-82, ilitua ikashindwa kusimama, ikaishia kwenye lava iliyoganda. Ufupi wa njia hauelezi kila kitu, na msidai hivyo. Lakini asiyeonyesha lava ile hajaisimulia Birere.

Ziwani Kivu ni vilevile. Boti ya abiria MV Merdi ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na Kituku, bandari ya Goma, bandari hiyo ikiwa mbele ya macho ya abiria. Hadithi hiyo inaanzia barabarani: vita vilikuwa vimekata barabara ya kati ya mji wa Minova na Goma, watu na magunia yao wakahamia kwenye boti.

Hesabu za wafu ziangalieni sana. Kwa Birere, mwanzoni zilisikika habari za watu zaidi ya 70; baadaye idadi ikashuka hadi takriban 40, na wengi wao hawakuwa abiria, walikuwa chini, kwenye shughuli zao. Kwa Merdi, gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 ndani ya boti na 78 waliokufa, na hesabu zilizofuata zikatofautiana. Kila namba iende na aliyeitoa na siku aliyoitoa. Na picha ya ajali nyingine msiibandike kamwe. Waliokuwepo wataitambua mara moja, na hawatawaamini tena.

Muziki wa huzuni sitaki hata kuuzungumzia. Uondoeni.

Lililo gumu kuliko yote ni kukaa na aliyefiwa. Mama mmoja wa Birere alinipokea akichambua maharagwe kwenye sahani ya bati. Nilipomuuliza kuhusu siku ile, vidole vyake vikasimama juu ya sahani, punje tatu zikiwa mkononi. Nilitamani kuongeza swali ili kujaza ukimya. Nilinyamaza. Muda ukapita, akaziweka punje pembeni moja moja, ndipo akaanza kusema, na aliyoyasema hakuna swali langu lingeyafikia.

Kabla ya kupandisha video nilirudi kwake nimwonyeshe kwenye simu, maana yeye hana mega za intaneti za kuitafuta. Aliitazama yote. Akaniomba niondoe kitu kimoja tu, jina la mtoto wake. Nililikata palepale, tumekaa kwenye benchi lake, kisha nikamchezea tena sehemu ile asikie kwamba halipo.