Jibu: Kwa nini Littleton, na si mafundi wa kale?

Ndugu, umeuliza kwa nini Harvey Littleton anaitwa baba wa sanaa ya kioo ya karakana (msanii kutengeneza kioo kwenye karakana yake, si kiwandani), ilhali watu wanapuliza kioo tangu enzi za Warumi. Ni kweli, ila Marekani ya miaka ya 1950 kioo kilikuwa kazi ya kiwanda: msanii anachora, mafundi wanatengeneza. Littleton, mwalimu wa ufinyanzi aliyezaliwa Corning, jimbo la New York, mwaka 1922, alitaka mtu mmoja abuni na apulize mwenyewe.

Mwaka 1962, kwenye warsha yake katika Makumbusho ya Sanaa ya Toledo, jimbo la Ohio, kioo walichochanganya washiriki wenyewe kiliwagomea. Dominick Labino, mtafiti wa kioo kiwandani, akawapa gololi za kioo, zile za kutengenezea nyuzi kiwandani. Hizo ziliyeyuka vizuri kwenye tanuru dogo, wakashika mabomba na kupuliza. Kwangu mimi, Labino anastahili sifa zaidi ya anazopewa.

Littleton akaanzisha mafunzo ya kioo Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwanafunzi wake mmoja, Dale Chihuly, alishiriki kuanzisha shule ya kioo ya Pilchuck, jimbo la Washington, mwaka 1971. Anza na hao watatu, kisha linganisha kazi zao.