Umeacha sigara na mwili umeongezeka? Usirudi ulikotoka

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja anayesoma makala zangu. Ameacha sigara, nguo zote zinambana, na sasa anauliza kama si heri arudie mbili tatu kwa siku ili mwili upungue. Nilishamjibu faraghani, lakini najua wapo wengi wanaolibeba swali hilo kimyakimya.

Usirudi. Hilo kwanza, mengine baadaye.

Mimi nilikuwa mtu wa paketi nzima kwa siku, miaka nenda miaka rudi. Nilipoacha, watu walinionya kuhusu hasira na kukosa usingizi, na kweli vilikuja, vikapita. Kuhusu njaa hakuna aliyenitajia. Chakula kilirudi na ladha niliyokuwa nimeisahau kabisa. Kitunguu kikikaangwa chumba cha pili, mate yananijaa. Na mkono nao ulikuwa na mambo yake. Nikimaliza kula, unapanda wenyewe hadi mfuko wa shati, upande wa kushoto, palipokuwa pakikaa paketi. Ukikuta patupu unashukia kwenye biskuti.

Nikanenepa. Siku moja, ndugu wamekusanyika, mmoja wao akanishika tumbo mbele za watu akasema, "Afadhali ungeendelea kuvuta tu." Wakacheka wote. Ni huyuhuyu aliyenisema miaka yote kwa sababu ya moshi! Mpaka leo linaniuma, sitaficha.

Laiti siku ile ningekuwa najua ninayoyajua leo, ningemjibu. Nikotini, ile kemikali iliyomo kwenye sigara, huzima hamu ya kula na huufanya mwili uchome nishati haraka kidogo kuliko kawaida. Ukiiondoa, uchomaji unashuka huku hamu inapanda, kwa hiyo kuongezeka si ulafi wala uvivu. Kwa wastani, anayeacha huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa huja ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Wapo wanaopita kilo 10, na wapo wanaopungua. Lakini ndani ya mwaka huohuo, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyokuwa nayo kwa kuvuta hushuka kwa karibu nusu. Weka hayo mawili kwenye mizani, kisha uniambie kama tumbo ni sababu ya kuwasha sigara.

Nilichofanya mimi ni kutojinyima chakula miezi ile ya mwanzo. Kupigana na njaa na sigara kwa wakati mmoja ni kujitafutia kushindwa kote kuwili. Niliacha kiu ya sigara ipungue kwanza, ndipo nikageukia uzito. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kutembea mara tu baada ya kula, saa ileile ambayo zamani ningewasha. Kiu ile ikikubana haidumu, ni dakika chache tu. Ukirudi nyumbani imeshakwenda zake. Soda niliziacha, nikashika maji. Biskuti nilizitoa ndani ya nyumba kabisa, mahali pake nikaweka karoti zilizokatwa vipandevipande, maana mkono lazima upate cha kushika. Basi, kutembea, maji, karoti. Na kutembea tena.

Zipo pia chingamu za nikotini, na bandiko zake za kubandika kwenye ngozi. Hizi huchelewesha kunenepa wakati unazitumia, na hukusaidia kuacha; mwulize daktari au mfamasia. Mwenye kisukari amwambie daktari wake kwamba ameacha, kwa sababu sukari na kipimo cha dawa vinaweza kubadilika.

Kilo zangu hazijaisha zote. Ila napanda ngazi hadi juu bila kusimama katikati, na hilo najivunia kuliko kiuno chochote. Jamani, tuache kuipa mizani mamlaka ya kutuhukumu kila asubuhi! Mtu aliyeshinda sigara ameshinda kitu kinachoua watu wengi duniani kila mwaka.

Na ninyi mnaoishi na mtu aliyeacha, mkiona amenenepa, nyamazeni. Anajua, nguo zake zimeshamwambia. Baada ya chakula cha jioni vaeni viatu, mwambieni, "Twende tukatembee kidogo."