Mausi isiyo na waya inakwama: hamisha risiva kabla ya kununua nyingine

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Natumia kompyuta ya mezani, boksi lake liko chini ya meza, na kirisiva cha mausi (kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi yake) nimekichomeka nyuma. Kishale kinakwama halafu kinaruka, hasa nikihamisha picha za pasipoti kwa kadi rida au nikinakili mafaili ya mteja kwenye hadi diski ya nje. Asubuhi ndiyo inazidi. Nimebadilisha betri, nikanunua na mausi ya pili, hali ni ile ile. Rauta ya waifai iko juu ya boksi hilo hilo. Tatizo ni nini?

JIBU: Salama dada, pole na kazi. Mausi ya tatu usinunue. Jibu liko ndani ya swali lako: kishale kinakwama wakati kadi rida na hadi diski zinafanya kazi. Mausi yako huenda ni nzima kabisa, ila risiva yake imekaa penye kelele ya redio.

Mausi ya aina hiyo huwasiliana na risiva kwa mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, yaani kati ya 2400 na 2483.5 MHz. Nguvu yake ni ndogo sana, maana betri moja inatakiwa idumu miezi. USB 3.0, ile USB ya kasi ambayo kadi rida na hadi diski nyingi hutumia, nayo husafirisha data hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo poti, waya na kifaa chenyewe huvujisha kelele ya redio iliyotanda, nyingine ikiangukia humo humo kwenye 2.4 GHz. Intel walilipima jambo hili na kulitolea maelezo mwaka 2012. Kelele hiyo haichujiki kirahisi, kwa sababu iko kwenye masafa yale yale ambayo risiva inayasikiliza.

Mausi ya kawaida hutuma taarifa mara 125 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 8. Taarifa moja ikipotea huoni kitu. Zikipotea kumi mfululizo, kishale kinasimama milisekunde 80, kisha kinarukia pale mkono wako ulipofika. Huko ndiko kukwama unakokuona.

Hakikisha kwanza. Fungua Paint, shika penseli, chora miduara bila kuachia huku unanakili faili kubwa, GB 2 au zaidi, kwenda kwenye hadi diski ya nje. Mduara utatoka na kona kona, kama umechorwa kwa vijiti vilivyonyooka. Ngoja kunakili kuishe, chomoa diski, chora tena. Mistari ikilainika, umeshaona kwa macho yako. Ila rudia jaribio lile la kwanza kwa mausi ya waya, hata ya kuazima duka la jirani. Nayo ikikwama, redio haihusiki: fungua Task Manager uangalie kama "Disk" au "Memory" imegonga karibu asilimia 100. Hapo mashine imelemewa, na hayo ni matengenezo mengine.

Sasa dawa. Tafuta waya wa kuongezea wa USB 2.0, upande mmoja dume, upande mwingine jike, wa nusu mita hadi mita moja. Mrefu zaidi hauhitajiki. Uchomeke kwenye poti nyeusi au nyeupe, ambazo kwa kawaida ni USB 2.0; zile za bluu, au zenye alama ya SS, ni 3.0. Rangi si sheria, wapo watengenezaji wasioifuata, kwa hiyo alama ndiyo ya kuiamini zaidi. Pandisha mwisho wa waya juu ya meza, chomeka risiva, nayo ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye mausi, pasiwe na kitu katikati. Waya huo usiufunge pamoja na waya wa hadi diski wala kuupitisha nyuma ya kadi rida, utakuwa umeirudisha risiva kwenye kelele ile ile.

Ukiwa huna waya leo, hamishia risiva kwenye poti ya mbele ya boksi, na kadi rida ibaki nyuma. Nyuma ya boksi ni pabaya kwa sababu mbili: poti za bluu ziko sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye risiva, halafu boksi lenyewe la chuma limesimama kati ya risiva na mkono wako. Miguu yako nayo, ukikaa, inameza mawimbi hayo. Njia nyingine ya muda ni kuichomeka hadi diski kwenye poti ya USB 2.0. Kelele itapungua sana, lakini kunakili kutakuwa polepole, maana kasi yake haivuki megabiti 480 kwa sekunde.

Niongeze jambo moja ambalo wengi wanalikosea: poti ya bluu ikiwa tupu haina neno. Kibodi ya waya ikichomekwa humo nayo haileti shida, kwa sababu haitumii kasi ya 3.0. Kelele inaanza pale kifaa cha 3.0 kinapounganishwa na kufanya kazi.

Rauta nayo iondoe juu ya boksi, ipeleke mita moja na nusu au mbili mbali na risiva. Kama ina masafa ya 5 GHz, hamishia kompyuta huko kabisa, mausi ibaki peke yake kwenye 2.4. Kama ni ya 2.4 tu, ingia kwenye mipangilio yake, weka upana wa chaneli uwe 20 MHz badala ya 40, na uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Kwenye msongamano wa maduka kama Mwanjelwa hili lina uzito, kila fremu ina rauta yake na kila simu inagawa hotspot. Na modemu ya USB inayotoa waifai isikae kabisa kwenye poti jirani na risiva.

Hiyo ya asubuhi ina sababu yake, na naomba uiangalie betri kwa makini. Isome pembeni. R6 ni ya zinki na kaboni, ile ya bei nafuu. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji. Mausi yako ikitumia betri nyembamba utaona R03 au LR03. Baridi hudhoofisha betri zote, na ya kaboni huumia zaidi, hivyo asubuhi za Juni na Julai huko kwenu betri iliyokaribia kuisha inashindwa kutoa nguvu ya kutosha kurusha mawimbi. Jua likipanda, inafufuka kidogo. Weka LR6. Kama una mita ya kupimia volti, alkalaini mpya husoma volti 1.5 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 1.2 itoe. Ya kuchaji kusoma 1.2 ni kawaida, usiitupe. Betri za kaboni pia huvuja zikizeeka, na ule unga mweupe hula vibati vya mausi. Ukiuona, futa kwa pamba yenye spiriti, uache pakauke.

Kama meza yako ina kioo na umeweka karatasi ya bei chini yake, usiendeshee mausi juu ya kioo hicho. Jicho lake hupiga picha za uso wa meza ili lijue limesogea kiasi gani, na kwenye kioo halipati cha kushika. Weka karatasi ya A4 juu yake ujaribu. Geuza mausi vilevile. Unywele mmoja kwenye tundu la jicho unatosha kukufanya uhisi mausi imeharibika.

Kuna kuchelewa kwa namna nyingine: mausi inalala ukiiacha dakika chache, ukiishika inachukua sekunde moja au mbili kuamka. Hiyo si kelele. Fungua Device Manager, sehemu ya "Universal Serial Bus controllers", bonyeza mara mbili kila "USB Root Hub", kisha kwenye "Power Management" ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa. Ikiendelea, ni mausi yenyewe inayojilaza kuokoa betri. Ibofye mara moja kabla ya kuisogeza.

Ukishafanya haya, jaribu mausi kwenye kompyuta nyingine: LR6 mpya, karatasi ya A4, risiva sentimita 20, hakuna kifaa cha USB 3.0 kilichochomekwa. Ikikwama hata hapo, imekufa, na kwa mashine isiyohama mezani ningekushauri uiweke ya waya.