"Dagaa wa me fika"

SWALI: Nauza dagaa na mawese Kibirizi, Kigoma. Nikitangaza kwenye kundi la WhatsApp, watu wanacheka maandishi yangu badala ya kuagiza. Juzi niliandika: "Dagaa wa me fika, mwenye oda hana lipa nusu." Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye h, maana hiyo ndiyo inayokula hela. Mteja "ana deni" anadaiwa. "Hana deni" kamaliza. Ulitaka "analipa", neno moja, bila h. "Wamefika" nalo ni neno moja: wa- na -me- ni viambishi vya kitenzi, havisimami vyenyewe. Lakini "wa" ya "dagaa wa Kibirizi" huandikwa peke yake, kwa kuwa inaunganisha majina mawili. Kwa r na l, shika kamusi. Kama unazitamka sawa, sikio halitakusaidia kutofautisha "kura" na "kula".

Wanaokucheka hadharani wamekosa adabu. Kosa la tahajia husahihishwa faragha.

Simu nayo inachangia. Kibodi ikiwa ya Kiingereza hubadili maneno bila kukuuliza. Fungua mipangilio ya kibodi, gusa lugha, ongeza Kiswahili. Kabla ya kutuma, soma tangazo zima, hasa bei na kipimo: sado au gunia.