Unapotafiti nyangumi na pomboo, soma faharasa kabla ya kamusi

Miaka michache iliyopita niliombwa kuandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu nyangumi na pomboo kwa ajili ya watoto wa shule, huku Unguja. Kamusi nzito ilikuwa mezani, na nilijipa wiki mbili. Ukurasa wa tatu tu nikakwama. Maandishi ya Kiingereza yalisema pomboo ana "melon" kichwani, kamusi ikaniambia ni tikiti, nami nikaandika tikiti. Mhariri ndiye aliyenizuia.

Nilipofungua faharasa ya istilahi za mamalia wa baharini, yaani orodha ya maneno ya kitaalamu pamoja na maelezo yake, nikaelewa. Ni uvimbe wa mafuta kwenye paji la uso, nao ndio unaoelekeza mbele sauti anazotoa pomboo, kisha mwangwi ukirudi anajua kuna nini mbele yake hata maji yakiwa machafu. Kamusi ilinipa neno, faharasa ikanieleza kitu chenyewe. Tangu siku hiyo nasoma maelezo, nafunga, najieleza mwenyewe kwa Kiswahili, ndipo natafuta jina.

Ukiruka hatua hiyo utaandika makosa bila kujua. Nimeona "right whale" akiitwa nyangumi wa kulia, wakati wawindaji wa zamani walimwita hivyo kwa maana ya nyangumi anayefaa kuwindwa: anaogelea polepole, na akifa anaelea. Nimesoma pia mara nyingi kwamba nyangumi anarusha maji kwa tundu la kichwani. Ile ni pumzi. Hewa ya joto inatoka kwa nguvu mapafuni, unyevu wake unageuka ukungu, na matone machache yanayozunguka tundu yanarushwa nayo.

Majina ya wanyama wenyewe yanataka uangalifu zaidi. Yule Waingereza wanayemwita "killer whale", yaani nyangumi muuaji, yumo katika familia ya pomboo. Papa potwe wa Mafia naye kwa Kiingereza ana neno "whale" ndani ya jina lake, lakini ni samaki, anapumua kwa matamvua. Kwa hiyo mimi sinukuu habari yoyote kabla ya kupata jina la kisayansi.

Na jina hilo nalo lina tarehe! Hili lilinichosha sana. Ripoti za zamani kuhusu pomboo wenye nundu wa pwani yetu zinawaita Sousa chinensis, na mpya zinawaita Sousa plumbea. Nilidhani ni wanyama wawili, nikawa nimeshawaandikia kurasa mbili. Kumbe mwaka 2014 wanasayansi waliwatenganisha wa upande wetu wa Bahari ya Hindi na wale wa mashariki zaidi, wakawa spishi yao wenyewe. Kabla hujaiamini faharasa, angalia imeandikwa mwaka gani, halafu linganisha na orodha ya spishi ya Society for Marine Mammalogy, chama cha wanasayansi wa mamalia wa baharini, orodha ambayo husahihishwa mara kwa mara.

Ukishamaliza, peleka maneno yako kwa wanaoishi na bahari. Mimi nilichapisha picha nikaenda nazo Kizimkazi, nikakaa na mzee mmoja mvuvi chini ya mkungu, karibu na ngalawa yake. Nilimwonyesha pomboo wawili. Akaweka kidole kwenye mmoja: "Huyu pezi lake limekalia nundu. Mwenziwe hana, lake limetoka mgongoni moja kwa moja." Faharasa yangu ilitumia mistari minne kueleza tofauti hiyo hiyo.

Nikamuuliza na neno lililonishinda. Faharasa ilieleza kwamba ni donge linalotengenezwa ndani ya matumbo ya nyangumi mkubwa mwenye meno, Physeter macrocephalus, anayekula ngisi. Likitoka huelea, na huweza kukaa baharini miaka kabla ya kutupwa ufukweni, na watengeneza manukato hulitafuta kwa bei kubwa. Nilikuwa nimeandika "donge la nyangumi". Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hiyo si ambari?"

Nikatoa kalamu, nikafuta donge, nikaandika ambari palepale.