Maswali ya Wasomaji: Kauli ya Kutendwa katika Kiindonesia

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninajifunza Kiindonesia kwa kuwa ninatarajia kwenda kusoma Yogyakarta. Nilipoandika «Surat itu ditulis oleh saya», nikikusudia kusema kwamba barua ile iliandikwa nami, mwalimu wangu aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Vilevile aliyakata maneno «surat yang saya menulis», yaani barua niliyoiandika. Nilipomwuliza sababu, alijibu tu kwamba Waindonesia hawasemi hivyo. Je, kauli ya kutendwa ya lugha hiyo inafuata kanuni gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako amesahihisha ipasavyo, ingawa jibu lake ni fupi mno. Kosa lako la kwanza linatokana na kudhani kwamba kiambishi «di-» hufanya kazi ileile inayofanywa na «-w-» katika Kiswahili, ambayo haichagui mtenda.

Tuanze na umbo lenyewe. Mzizi «tulis» katika kauli ya kutenda huwa «menulis», na sauti ya kwanza ya mzizi humezwa na kiambishi. Ndivyo pia «pukul» (piga) inavyokuwa «memukul», na «sapu» (fagia) ikawa «menyapu». Katika kauli ya kutendwa sauti hiyo hurudi mahali pake, kwa sababu «di-» hubandikwa kwenye mzizi mtupu: «ditulis», «dipukul», «disapu». Umbo hili ni la mtenda wa nafsi ya tatu, awe ametajwa au hakutajwa. Utasema «Surat itu ditulis oleh Ali», au ukipenda «Surat itu ditulis Ali», kwani «oleh» inaweza kuachwa mtenda anapokifuata kitenzi moja kwa moja. Likiingia neno jingine kati yao, «oleh» hurudi: «Surat itu ditulis dengan teliti oleh Ali», yaani barua ile iliandikwa na Ali kwa uangalifu.

Mtenda akiwa ni mimi au wewe, mambo hubadilika kabisa. Kiambishi «di-» huondoka, kitenzi hubaki mzizi, na kiwakilishi cha mtenda husimama mbele yake: «Surat itu saya tulis». Viwakilishi vifupi huungana na kitenzi, kama katika «kutulis» (mimi) na «kautulis» (wewe). Kati ya mtenda na mzizi hapaingii neno. Kwa hiyo maneno ya kukanusha na ya wakati hutangulia yote mawili: «Surat itu sudah saya tulis» (nimekwisha kuiandika), «Surat itu tidak akan saya kirim» (sitaituma). Katika mazungumzo ya kawaida utawasikia watu wakisema «saya sudah tulis», lakini katika mtihani usithubutu. Nayo «ditulis oleh saya» husikika mara chache, hasa mtu anaposisitiza kwamba ni yeye na si mwingine; hata hivyo, sarufi sanifu huikataa.

Kwa sikio la Mswahili umbo hili halifanani na kutendwa hata kidogo, na kwa maoni yangu ni afadhali usilitafsiri hivyo. Lililo karibu nalo ni «Barua ile nimeiandika», ambapo tunaitanguliza barua kwa sababu ndiyo inayozungumzwa, kisha tunaitaja tena ndani ya kitenzi kwa «-i-». Ukiizoea njia hii ya kufikiri, nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Kosa lako la pili lina uzito zaidi. Kiswahili hurejesha kiima na shamirisho vilevile: mtu aliyeandika barua, barua aliyoiandika mtu. Katika Kiindonesia sanifu, «yang» hurejesha kiima, na shamirisho la kitenzi chenye «me-» halirejeshwi. Ili barua ipate kurejeshwa, ni lazima kwanza ifanywe kiima, na njia ya kuifanya kiima ni kauli ya kutendwa: «surat yang saya tulis», «surat yang ditulis Ali». Maswali nayo hufuata mkondo huohuo, hivyo unachosoma huulizwa «Apa yang kamu baca?», wala si «Apa yang kamu membaca?» Ndiyo maana kauli hii imejaa katika mazungumzo ya kila siku, wala si pambo la magazeti na nyaraka za serikali.

Huko Yogyakarta utakutana nayo hata mezani. Mwenyeji atakukaribisha chai kwa kusema «Silakan diminum tehnya», yaani chai na inywewe, kwa kuwa amri isiyomwelekea mgeni moja kwa moja huhesabiwa kuwa ya adabu.

Jihadhari pia na maandishi. Kiambishi «di-» huunganishwa na kitenzi, kama «dibaca», bali «di» ya mahali huandikwa peke yake, kama «di pasar» (sokoni). Utaratibu huu uliwekwa na tahajia ya mwaka 1972. Kabla yake zote mbili ziliunganishwa, kwa hiyo ukifungua kitabu cha zamani usishangae kuona «dipasar».

Lipo umbo jingine ambalo hukuliuliza, nalo litakufaa. Aliyelowa kwa mvua husema «Saya kehujanan», na aliyeibiwa husema «Saya kecurian», kwa «ke-» mwanzoni na «-an» mwishoni. Haya usiyatafutie «di-»; yachukue kama unavyosema nimenyeshewa, nimeibiwa, ambapo kiima ni yule aliyefikwa na jambo.