Prado ya 1KZ-TE: usikubali valvu zibanwe ili kuua mlio

Ndugu, nimekuelewa: Prado yako ya 1KZ-TE, injini ya dizeli yenye turbo ya Toyota, inagonga tik-tik asubuhi, na fundi anataka kubana valvu, yaani kupunguza nafasi zake, hadi mlio uishe. Mkatalie. Mlio mdogo hauui injini. Valvu ya eksozi iliyobanwa ndiyo huungua, hasa kwenye turbo. Moto ni mkali, valvu inarefuka, na ikikosa nafasi haifungi vizuri kwenye siti yake. Gesi inapenya na kuula ukingo.

Pima nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya kamu na shimu, injini ikiwa baridi, ikiwezekana imelala usiku kucha. Valvu za kuingiza hewa ni milimita 0.20 hadi 0.30, za eksozi 0.40 hadi 0.50. Injini hii haina skrubu za kurekebishia, unabadilisha shimu, kile kisahani cha chuma kinachokaa juu ya tapeti (kikombe kinachosukuma valvu). Chukua unene wa shimu ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Tuseme eksozi imesoma 0.30 na shimu ni 2.70: 2.70 + 0.30 − 0.45 = 2.55. Unene upime kwa maikromita, maana namba zilizochapwa hufutika.

Ukibonyeza tapeti ili kutoa shimu, hakikisha pistoni ya silinda hiyo haiko juu kabisa, la sivyo valvu itaigonga.

Nafasi zikiwa sawa na mlio bado upo, angalia nozeli zinazopuliza dizeli. Lakini eksozi ikisoma karibu na sifuri, au maji ya rejeta yakipungua, acha hapo, mpelekee fundi wa hedi (kichwa cha injini) apime kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Hedi za 1KZ zina sifa mbaya ya kupasuka.